Ndugu Mpangala Aomba Kushushwa Daraja

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si woga. Ni kwamba kila nilipojaribu kuitaja, watu wa nchi tatu tofauti walinijia juu wakidai nimewasema wao, nikaona heri kila mtu abaki na wasiwasi wake. Inatosha kujua kwamba ilikuwa nchi njema, yenye mvua, amani na tumbaku. Tumbaku ndiyo iliyojenga shule, na shule zikafundisha kilimo cha tumbaku. Kwenye nembo ya taifa alichorwa simba aliyeshika jani kwa mguu mmoja, na mwingine ameuweka kifuani. Wazalendo walisema ni ishara ya kiapo. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema simba anakohoa.

Serikali ilipoamua kubana matumizi kwa kuunganisha wizara, Afya iliwekwa pamoja na Tumbaku, kwa hoja kwamba zote mbili zinahusu mapafu. Katika wizara hiyo ndimo alimofanya kazi Damasi Mpangala, mwandishi wa hotuba za Waziri. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa kuvaa suti ya kaki, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: moshi wa sigara. Ukimfikia, macho yalimvimba, pua ikafunguka kama bomba lililopasuka, na kifua kikaanza kupiga filimbi. Daktari mmoja, baada ya kufunga mlango na pazia, alimwambia kuwa ana aleji, kisha akamsihi asimtaje yeye popote.

Katika nchi nyingine ugonjwa huo ungemnyima kazi. Katika nchi hii ulimpandisha cheo. Siku ya kwanza Waziri kusoma hotuba iliyoandikwa na Damasi, ukumbi ulikuwa umefungwa na kila mtu ana sigara yake mkononi. Ilipofika aya ya tatu, Damasi aliyekaa nyuma ya Waziri alikuwa akilia kama mjane. Waziri aligeuka, akamwona. Kisha akawaambia waliohudhuria kwamba kama kila mwananchi angeipenda nchi hii kama yule pale, tungekuwa mbali. Mwezi uleule Damasi akawa Mkurugenzi Msaidizi. Hotuba zikaendelea, machozi yakaendelea, akapewa nyumba, akapewa gari. Ukweli aliujua na haya alikuwa nayo, ila haya inayokuja na nyumba na gari huzoeleka upesi.

Mkewe, Mwalimu Euzebia, ndiye pekee aliyejua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyefundisha darasa la tatu na kuwachukulia watu wote kama darasa la tatu.

"Baba Tasiana," alikuwa akimwambia, "mficha maradhi kifo humuumbua."

Damasi alikuwa akijibu kwamba yeye ndiye mtumishi pekee wa serikali aliyepandishwa cheo na pua yake, na mtu hawezi kuitukana pua inayomlisha.

*

Ndipo Wizara ikamtunuku zawadi ya Mtumishi Mwenye Hisia: safari ya meli ya anasa, yeye na mkewe, daraja la kwanza.

Meli yenyewe ilikuwa kuukuu, imenunuliwa kutoka nchi ya mbali iliyokuwa ikitafuta mahali pa kuitupa. Ilipofika ilipakwa rangi, ikaitwa *Pumzi ya Taifa*, na Waziri akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nchi ina utalii. Shida ilikuwa ziwa. Ziwa lilikuwa dogo na meli ilikuwa kubwa, kwa hiyo safari ya wiki nzima ilikuwa ni kuzunguka polepole na kupita bandari ileile mara kwa mara, huku wananchi wakiwapungia abiria mikono. Siku ya pili wapungaji walipunguza shauku. Siku ya tatu walitoa mtoto mmoja apunge kwa niaba ya wote.

Juu, kwenye daraja la kwanza, kulikuwa na mazulia, makochi mekundu na bendi. Mahali ambapo meli nyingine humwekea mgeni peremende juu ya mto, hapa paliwekwa pakiti ya sigara na kiberiti chenye nembo ya taifa. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa lakiri, na tangazo lilieleza kwamba moshi ule ni mali ya umma, haufai kupotea ovyo. Chini kabisa, karibu na injini, walisafiri wananchi wa kawaida pamoja na magunia ya vitunguu na marobota ya tumbaku ya kupeleka ng'ambo. Hao waliruhusiwa kwa sababu meli ilinunuliwa kwa kodi yao, na Serikali haikutaka waseme hawakuiona.

Euzebia alikiona kitanda akasimama mlangoni. Kilikuwa kipana, kimetandikwa shuka nyeupe za kung'aa. Walipooana hawakupata fungate, kwa kuwa Damasi, aliyekuwa bado karani wa wilaya, alikuwa akiandika hotuba ya Siku ya Mche, na tangu hapo mama huyu alikuwa akikingoja kitanda cha namna hii bila kulalamika. Alikaa pembeni mwake taratibu, kama mtu anayekaribia kuku asimtishe. Damasi alipomwona hivyo, akameza chafya tatu alizokuwa nazo, akasema chumba ni kizuri sana.

Usiku huo alilala na taulo mbichi usoni. Euzebia alishtuka alfajiri, akaona maiti imeshafunikwa, akaanza kuwaza atawaambia nini wakwe. Kulipokucha Damasi alipanda sitahani kutafuta upepo. Alienda nyuma ya meli, moshi wa waliosimama mbele ukamfikia. Akaenda mbele, akakuta Chama cha Wavutaji wa Asubuhi wako kwenye mazoezi yao: pumzi ndani, pumzi nje, kiongozi akihesabu. Walimkaribisha kwa ukarimu. Aliwaachia ukarimu wao, akashuka ngazi akishikilia ukuta kwa kuwa haoni.

Ofisi ya Afisa wa Hewa ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa herufi za dhahabu. Afisa mwenyewe, Bwana Lugendo, alikuwa kijana mnene, mwenye adabu, na sigara mbili, moja mdomoni na moja ya akiba sikioni. Alimuuliza Damasi kama amekuja na malalamiko au na maoni, kwa sababu maoni wanayapokea, bali malalamiko ni lazima kwanza yawe maoni. Damasi akasema maoni yake ni kwamba moshi unamsumbua kidogo. Bwana Lugendo alisikitika kweli. Akaizima sigara yake palepale, akawasha ile ya sikioni, akaeleza kwamba hii ni nyepesi.

"Lakini Ndugu," alisema, "mbona sehemu ya wasiovuta ipo? Serikali hii haimbagui mtu."

Akamchukua kumwonyesha. Sehemu ya wasiovuta ilikuwa kiti. Kiti kimoja cha mbao kilichozungushiwa mnyororo, kimewekwa katikati ya ukumbi mkubwa wa kuvutia, ili asiyevuta asijione ametengwa na jamii.

*

Ndugu Mpangala alikaa kwenye kiti hicho tangu asubuhi hadi mchana, kwa kuwa Afisa wa Hewa alikuwa mbele yake akingoja kusikia kama amepata nafuu. Hakuwahi kutokea mtu aliyekitumia. Habari zikaenea, abiria wakaja kumtazama. Mama mmoja mwenye vito shingoni aliuliza kwa upole kama ugonjwa wake ni wa kuambukiza. Mzee mmoja, jaji mstaafu, alivuta kiti chake karibu ili kumliwaza, akamliwaza kwa sigara nne mfululizo. Wote walimpulizia kwa heshima, wakigeuza midomo pembeni, ila waliomzunguka walikuwa pande zote, na pembeni kwa huyu palikuwa usoni kwa yule. Macho yakavimba mpaka yakawa mistari miwili. Moyoni alikuwa akijicheka. Alikumbuka kwamba sentensi iliyotundikwa ukutani mbele yake, "Pasipo moshi hapana makazi," aliitunga yeye mwenyewe jikoni kwake, akiwa amefungua madirisha yote.

Ilikuwa katika hali hiyo alipoona mabaharia wawili wakimpandisha mkulima mmoja kutoka chini, wamemshika mikono. Kosa lake, walieleza, ni kukutwa na kipande cha sigara kinachowaka. Kule chini kuna marobota ya tumbaku ya ng'ambo, cheche moja tu na uchumi wa taifa umeteketea. Kwa hiyo kuvuta sigara chini ni marufuku kabisa.

Damasi aliisikia hiyo "marufuku" kama mwenye njaa asikiavyo kifuniko cha sufuria.

Alimfuata Bwana Lugendo ofisini akaomba ashushwe daraja. Afisa hakuelewa. Damasi akarudia. Afisa akafunga mlango, akauliza kama mke wake anajua kwamba hayuko sawa. Kisha akaeleza, kwa subira, kwamba taratibu za kupanda zipo: unasubiri, unapendekezwa, unafikiriwa. Za kushuka hazipo, kwani tangu meli ianze kazi hakuna aliyeomba. Zaidi ya hayo tiketi yake ni zawadi ya Serikali, na kuirudisha zawadi ya Serikali ni kuitukana. Njia ya kwenda chini ilikuwa moja tu, kutenda kosa la kudharau tumbaku au uongozi.

"Na wewe, Ndugu Mpangala," alimalizia kwa kusikitika, "huna sura ya kutenda kosa."

Ilikuwa kweli. Damasi alikuwa hajawahi hata kuchelewa kazini. Alirudi chumbani akakaa kitandani kufikiri kosa, kama mtoto anavyofikiri insha. Euzebia alikuwa akipaka losheni miguu, akitabasamu peke yake. Alipomwambia anachotaka, tabasamu liliondoka. Hakumfokea. Alimwambia tu kwamba kitanda hiki amekingoja tangu Tasiana hajazaliwa, na sasa Tasiana ana watoto. Kama baba Tasiana anataka kulala na vitunguu, njia anaijua.

Jioni, wakati wa chakula, Damasi alijipa moyo. Alisimama mbele ya watu wote, akachukua kisahani cha majivu kilichokuwa mezani kwake, kile chenye nembo ya simba, akatoka nacho hadi kwenye ukingo wa sitaha na kukitupa ziwani. Kisha akasimama wima akingoja kukamatwa. Jaji mstaafu akainuka polepole, akasema amekumbuka: babu zake nao walikuwa wakilipa ziwa tumbaku kabla ya safari, na ni aibu kwamba ilibidi mtumishi mdogo awakumbushe mila. Naye akachukua kisahani chake, akakitupa. Wakafuata wengine, kwa mstari, na bendi ikapiga wimbo wa taratibu. Baada ya robo saa hapakuwa na kisahani hata kimoja kilichobaki kwenye *Pumzi ya Taifa*, majivu yakawa yanakung'utwa kwenye zulia, na Damasi akapigiwa makofi.

Chumbani Euzebia alimuuliza imekuwaje. Akamjibu kwamba amejaribu kuwa mhalifu ikashindikana, anadhani hana kipaji.

*

Siku iliyofuata Waziri mwenyewe alikuja kwa boti ya mwendo kasi kuzindua sigara mpya. Mheshimiwa Dakta Kwibisa alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kengele, na udaktari aliopewa na chuo kimoja kwa sababu alipita karibu nacho. Wageni walijazana ukumbini, milango ikafungwa, na sigara zikawashwa kwa amri moja, kama mizinga ya heshima. Damasi alikaa mstari wa mbele na mkewe. Kifua kilikuwa kimeshaanza filimbi.

"Ndugu wananchi," Waziri alianza, "adui zetu wanasema moshi unafupisha maisha. Mimi nawauliza, maisha ya nani? Mimi hapa navuta, niko hai. Waliokufa wako wapi waje waseme?"

Akatulia ili waliokufa wapate nafasi. Hawakujitokeza. Makofi yakapigwa. Waziri akaendelea kueleza kwamba taifa ni kama sigara: lazima liwe na moto upande mmoja na mdomo upande wa pili, na kazi ya mwananchi ni kuwa katikati. Damasi, aliyeiandika sentensi hiyo, aliona sasa ubaya wake, lakini hakuona kingine chochote, maana macho yalikuwa yamefungika. Machozi yalimtiririka hadi kwenye tai. Uso ulimvimba kama andazi.

Waziri alimwona. Akaacha kusoma, akanyoosha mkono, akawaambia watu wamtazame yule mtu. Miaka tisa, alisema, mtu yule amelia kwa ajili ya nchi yake bila kuchoka. Nani basi anastahili zaidi kuvuta, kwa niaba ya taifa, sigara ya kwanza kabisa ya chapa mpya? Sigara ikaletwa juu ya mto wa hariri. Ilikuwa nene kama kidole gumba. Kiberiti kikawashwa.

Damasi alisimama. Pumzi aliyokuwa nayo ilimtosha maneno machache tu, na alijua mvuto mmoja wa kitu kile ungemmalizia hata hayo. Alifikiri nyumba. Alifikiri gari, na kiinua mgongo kilichobakiza miaka miwili. Mkono ulienda kuichukua sigara wenyewe, kwa mazoea ya kutii. Ndipo aliposikia nyuma yake sauti ya Euzebia, si kubwa, ile ya darasani.

"Atakufa," alisema. "Mnamuua mume wangu, na yeye kwa adabu yake atakufa bila kuwasumbua."

Mkono wa Damasi ukasimama.

"Mheshimiwa," akasema, "haya si machozi ya uzalendo. Ni aleji. Yamekuwa aleji tangu siku ya kwanza."

Waziri aliuliza aleji ya nini. Damasi akasema ya moshi. Waziri akauliza kama machozi ya Sikukuu ya Mavuno nayo yalikuwa aleji. Yalikuwa aleji. Na yale ya msiba wa mama mzazi wa Waziri? Damasi akainamisha kichwa, akasema pale kulikuwa na huzuni kidogo, lakini sehemu kubwa ilikuwa jaji mstaafu huyuhuyu, aliyekaa upande wa upepo kule msibani.

Washauri wa Waziri walikusanyika palepale, wakanong'ona ndani ya wingu. Walipotoka walikuwa wamepata kosa: kulia kwa njia ya udanganyifu. Adhabu yake ilikuwa kushushwa hadi daraja la chini kwa muda wote uliosalia wa safari. Cheo chake kingezungumzwa nchi kavu. Mke hakuwa na hatia kwa kuwa hakulia, akaachiwa chumba chake na kitanda chake.

Walioshuhudia walisema mkosaji alipokea hukumu kwa majuto makubwa. Kwa kweli alikuwa akijitahidi asikimbie. Alimtazama Euzebia kwa macho yake ya mistari miwili. Mkewe alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, wala hakuinuka. Mabaharia wakamshika Damasi, naye akawatangulia ngazini.

*

Kule chini palikuwa na giza kiasi, kelele za injini, harufu ya vitunguu na jasho. Marobota ya tumbaku yalikuwa yamepangwa mpaka darini, lakini tumbaku isiyowashwa ni jani tu kama mchicha, haikumfanya neno. Dirisha dogo la duara lilikuwa wazi, na upepo wa ziwa uliingia. Damasi alisimama chini yake akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Watu walimwangalia, mtu mzima na suti yake, akipumua kama mtu anayekula.

Bibi mmoja, Nyamizi, mkulima aliyekuwa akipeleka vitunguu kwa binti yake, alimsogezea gunia akae. Damasi akamwamkia, bibi akamwitikia marahaba na kumuuliza amewafanya nini wale wa juu. Akamweleza yote, bila kujipendelea. Bibi Nyamizi alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mwanangu," alisema alipopata sauti, "sisi tunalima, hatuvuti. Wa juu wanavuta, hawalimi. Wewe hulimi, huvuti. Kazi yako ni nini?"

"Nasifu, mama," alisema Damasi.

Bibi alimtazama kwa huruma, akampa kiazi kitamu cha kuchemsha.

Usiku huo alilala juu ya vitunguu usingizi ambao alikuwa ameusahau, usingizi wa mtu ambaye pua zake zote mbili zinafanya kazi. Asubuhi aliamshwa na mtu aliyemgusa bega. Alikuwa Euzebia, ameshika mto wa daraja la kwanza kwapani na viatu mkononi. Macho yalikuwa mekundu ya kukesha. Alisema kitanda kilikuwa kikubwa mno. Alisema pia kwamba amelala pembeni ya kifua kinachopiga filimbi karibu maisha yake yote, na jana usiku chumba kilikuwa kimya, akawa anaamka kila mara kusikiliza.

"Sogea," akamwambia.

Damasi akasogea. Walikaa juu ya gunia moja wakala viazi vya Bibi Nyamizi, na Euzebia akakiri kwamba ile shuka nyeupe ilikuwa imeshaanza kunuka kama koti la jaji.

*

Labda mambo yangeishia hapo, ila Waziri naye alikuwa mtu mwenye pua. Mchana alishuka, kwa maelezo kwamba anakagua hali ya wananchi. Alikusudia dakika mbili. Alipofika chini ya lile dirisha la duara alisimama, akauliza swali kuhusu vitunguu, akaliuliza tena. Akakaa. Sigara ilikuwa imezimika mkononi mwake kwa mujibu wa sheria za marobota, naye hakuonekana kuikumbuka. Washauri walingoja saa nzima. Mara moja tu alimtazama Damasi, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu cha kibinadamu, kisha akamwona mshauri mmoja anamwangalia, akaufunga.

Kesho yake kipaza sauti kilitangaza mageuzi. Imegundulika, kilisema, kwamba katika daraja la chini kuna hewa ya asili ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitumiwa na wananchi bila mpango. Kwa hiyo, ili kuilinda, daraja hilo kuanzia sasa ni Daraja la Heshima, kwa viongozi peke yao. Wananchi waliokuwa humo watahamia juu kwa muda, na Serikali inawashukuru kwa kujitolea.

Wakapishana ngazini, hawa wakipanda na magunia, wale wakishuka na makochi. Viongozi walishusha bendi, washauri, wake zao na mizigo yao. Marobota yalihamishiwa sitahani chini ya turubai ili yasiwabane. Na kwa kuwa marobota yalikuwa yameondoka, marufuku nayo iliondoka, kisha mtu hawezi kukaa na Waziri wa Tumbaku mkono mtupu. Jaji mstaafu ndiye aliyewasha ya kwanza, kuisifia hewa. Kufikia adhuhuri lile dirisha dogo la duara lilikuwa likitoa moshi kama jiko la mkaa, na watoto wa ufukweni, waliokwisha kuacha kupunga, walirudi wakidhani meli inaungua.

Juu, Bibi Nyamizi aliingia chumba cha daraja la kwanza, akapiga chafya, akauliza nani alichoma nini humu. Alitafuta mahali pa kuanika nguo. Alipoona dirisha limezibwa kwa lakiri ya Serikali, alivua kiatu akaipiga kisigino mara mbili, ikaanguka. Wengine wakamwiga, kila chumba. Upepo ukaingia upande mmoja ukatokea wa pili, mapazia yakapepea, na majivu ya kwenye zulia yakafagiliwa na kumwagwa ziwani. Walifua shuka. Walipika ugali kwenye korido, jambo ambalo sikatai kwamba ni kosa. Ndugu Mpangala na Mwalimu Euzebia walipewa chumba kilekile chao cha mwanzo, na mchana wa jua kali mama Tasiana alijilaza kwenye shuka iliyokaukia dirishani, akafumba macho.

Ndipo mlango ukabishwa. Alikuwa mjumbe wa Waziri, mshauri wa tatu, ametoka jasho na macho yamemwiva. Alieleza, akikohoa katikati, kwamba Mheshimiwa amemsamehe Ndugu Mpangala. Anamhitaji mara moja chini, aandike hotuba ya kuzindua Daraja la Heshima la Hewa ya Asili. Akishuka sasa hivi, cheo chake kitakuwa kama kilivyokuwa, na huenda ile "Msaidizi" ikaondolewa.

Damasi alitoka hadi kwenye ngazi. Alishuka vidato viwili. Harufu ikamjia, na ndani yake sauti ya Waziri ikijizoeza neno "pumzi," ikikatika, ikianza tena. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kushika kalamu ambayo haikuwapo. Alisimama pale kitambo, mtu wa umri wake, akitazama chini kama mtoto aliye kwenye ukingo wa bwawa. Kisha akarudi juu.

"Mwambie Mheshimiwa nimelala," akasema.

Mjumbe alimtazama. Alikuwa mtumishi mwaminifu, wala hakuzoea kupeleka uongo ambao hakuuandaa yeye. Akasema, kwa heshima, kwamba Ndugu Mkurugenzi amesimama.

"Basi nisubiri hapo," alisema Damasi.

Akaingia ndani, akavua viatu, akajinyoosha kando ya mkewe aliyekuwa ameshampisha nafasi bila kufumbua macho. Mjumbe alikaa kwenye zulia nje ya mlango, upepo ukimpiga usoni, hadi aliposikia koromo la kweli. Hata hapo hakuinuka. Alisema moyoni atasubiri kidogo zaidi, ahakikishe.